Kumfungia Mwenzako Tai: Mwongozo Kamili wa Kusimama Mbele Yake na Kupata Fundo Safi

Katika nyumba nyingi tai ya baba hufungwa mara moja tu. Rafiki anayejua aliifunga asubuhi ya harusi, na tangu siku hiyo ikivuliwa inalegezwa, inapitishwa kichwani na kutundikwa nyuma ya mlango, fundo likiwa palepale. Miaka ikipita fundo linang'aa kwa jasho na vidole, kitambaa kinashika mikunjo isiyotoka hata kwa pasi, na ncha ya tai inaishia juu ya kitovu kwa sababu mwenyewe amenenepa na fundo halikuguswa. Siku linapofunguka kwa bahati mbaya, nyumba nzima inahangaika, na harusi ya watu inaanza saa nne.

Dawa yake ni mmoja wenu ajifunze vizuri, na si lazima awe yule anayevaa. Wapo wanaume ambao mkono mmoja uko kwenye plasta au umelegea baada ya kiharusi. Wapo ambao vidole vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na wapo wasioona vizuri kitu kilicho karibu na kidevu chao. Wapo pia, nao ni wengi, ambao hawakupata wa kuwafundisha. Kwa Zaire ya miaka ya 1970 hilo halishangazi: Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akaleta vazi lake la abacost, na ruhusa ya tai haikurudi mpaka Aprili 1990. Huku kwetu viongozi wa enzi za Mwalimu Nyerere walivaa suti za Kaunda na zile za Chou En-lai, hakuna tai. Baba asiyevaa tai hakuwa na cha kumwonyesha mwanawe mbele ya kioo. Sasa mwana huyo anaitwa kwenye usaili, anasimamia harusi, au anaingia ofisi zenye masharti. Kule Nairobi, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, aliziondoa suti za Kaunda bungeni na kuwataka wabunge wanaume wavae koti, kola na tai.

Na si wanaume peke yao. Mke anayefanya kazi ya ulinzi au mapokezi ya hoteli anaweza kuwa na tai kwenye sare yake, na mume anayejua kumfungia saa kumi na moja alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, amemsaidia kweli. Kwa hiyo nikisema "mwenzako" hapa, weka mke, mume au mchumba, yeyote uliye naye.

Kinachogeuka ukisimama mbele yake

Anza kuelewa hapa kabla ya kushika tai, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu anayejua kujifungia mwenyewe akisimama mbele ya mwenzake, mikono inapotea. Anajiambia, "Kulia kwangu ni kushoto kwake," anaanza kugeuza kila hatua kichwani, na hatua ya tatu tayari tai imekuwa kamba.

Usigeuze chochote. Kama ukijifungia mwenyewe unaanza na upande mpana mkono wako wa kulia, basi ukimkabili mwenzako anza pia na upande mpana mkono wako wa kulia, yaani kwenye bega lake la kushoto. Kila "peleka kushoto" na "rudisha kulia" uliyoizoea itabaki ileile. Kinachobadilika ni kimoja: mbele na nyuma. Ukijifungia mwenyewe, uso wa tai unatazama mbali nawe, kwa hiyo kupitisha "juu" ni kupitisha upande ulio mbali na kifua chako. Ukimfungia mwenzako, uso wa tai unakutazama wewe, kwa hiyo "juu" ni upande ulio karibu nawe, ule unaouona. "Chini" au "nyuma" ni upande wa shati lake. Basi.

Fundo litakalotoka litakuwa limeinama upande wa pili ukilinganisha na lile ambalo angejifungia mwenyewe. Halina kasoro yoyote, na hakuna atakayeliona.

Ukipenda kujifunza kwa video, jua hili: fundi aliyesimama akiitazama kamera na tai shingoni mwake anakuonyesha picha ileile utakayoiona kwa mwenzako. Iga skrini kama ilivyo. Upande mpana ukiwa kulia kwa skrini, nawe anza kulia kwako; ukiwa kushoto, anza kushoto. Wanaojifungia wenyewe ndio wanaopata taabu na video hizo. Wewe umepata bahati.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni mgongo wa kiti. Kivishe shati, funga kifungo cha juu, kaa mbele yake na ufanye mazoezi ukiwa umetulia, siku yoyote isiyo na sherehe. Kiti hakichoki, hakikuulizi saa ngapi, na kimo chake kinakuwezesha kuona fundo usawa wa macho. Mikono ikishazoea kiti, hamia shingoni mwa mtu.

Shati kwanza

Fundo likiteleza na kushuka kila baada ya nusu saa, usiilaumu tai kabla hujaliangalia shati. Kifungo cha juu kisipofungika, kola inabaki wazi na fundo halina pa kuegemea. Mfunge kifungo hicho, kisha ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo yake. Vikiingia bila kumbana, shati ni lake. Vikikataa, usilazimishe. Fundi cherehani yeyote atakisogeza kifungo pembeni kidogo, na tai ikishafunika hakuna atakayejua. Vidole vinne vikiingia, kola ni kubwa, na ukikaza tai itakunja kitambaa cha kola na kuacha mikunjo mbele.

Kubana shingo si suala la starehe tu. Mwaka 2003 watafiti wa macho wa New York walipima wanaume waliokazwa tai wakakuta mgandamizo ndani ya jicho unapanda. Mwenzako akiwa na presha ya macho, au akilalamika kichwa kila anapovaa tai, mlegezee na umnunulie shati la shingo kubwa zaidi.

Piga pasi kola pande zote mbili, ukianzia kwenye ncha kuelekea katikati, ili mikunjo isijikusanye pale pembeni panapoonekana. Shati lichomekwe suruali na mkanda ufungwe kabla hujaanza, kwa sababu mkanda ndio kipimo chako cha urefu. Ukimfungia tai kabla hajavaa suruali utapima hewa.

Sasa simamisha kola yote ielekee juu.

Ijue tai uliyoishika

Tai ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 145 hadi 150, na sehemu yake pana zaidi ni kama sentimita 7 hadi 9. Mwanaume mrefu sana au mwenye shingo nene na kitambi huhitaji ile ndefu, ya karibu sentimita 160. Kuna upande mpana na upande mwembamba. Nyuma ya ule mpana kuna kitanzi kidogo, mara nyingi ndiyo lebo yenyewe, cha kuushikilia mwembamba usionekane.

Igeuze nyuma uutazame mshono mrefu wa katikati. Kwenye tai iliyoshonwa kwa mkono, mshono huo ni uzi mmoja uliolegea makusudi, na wakati mwingine unaona kijitanzi cha uzi kimebaki mwishoni, ndani ya ncha. Usikikate. Uzi huo ndio unaoiruhusu tai ivutike ikifungwa na kurudi ikifunguliwa, na ukiukata, mshono unaanza kuachia.

Kitambaa cha tai nzuri hukatwa mshazari, nyuzi zikiwa zimelala kwa digrii 45. Ni utaratibu uliosambaa baada ya Jesse Langsdorf, mshonaji wa New York, kuupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, katika miaka ya 1920, na ndiyo sababu tai inalala bila kujisokota. Kipimo chake ni rahisi, kitumie ukinunua za mitumba, iwe Karume pale Ilala au Gikomba: ishike kwa upande mwembamba uiache ining'inie. Ikitulia imenyooka, ichukue. Ikijizungusha yenyewe, imekatwa vibaya au imefuliwa ikaharibika, na hakuna fundo litakaloiponya.

Kwa kuanzia chagua tai isiyo nene sana, yenye mistari au vidoti. Mistari itakusaidia kukumbuka vipimo. Hariri inateleza kidogo lakini inakaa vizuri kuliko zote. Poliesta nyepesi ni rahisi kuipata na inafaa kwa mazoezi, ila kile kishimo kinachopamba tai chini ya fundo hakidumu.

Fundo la kwanza, na kwa wengi la pekee

Wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walikokotoa mwaka 1999 kwamba kuna namna 85 za kufunga tai ya kawaida. Wewe unahitaji mbili, na ukiwa huna muda, moja. Anza na fundo dogo la kawaida, lile ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hufunga. Ni jembamba, limeinama kidogo upande mmoja, linakubali karibu kila kola, na halili urefu mwingi.

Simama mbele yake, umbali wa mkono uliokunjwa. Akiwa mrefu kuliko wewe, mkalishe ukingoni mwa kitanda, ila ujue utampima urefu akisimama. Mwambie aangalie mbele. Wengi wanainamisha kichwa ili waone unachofanya, na kidevu kinakaa juu ya fundo. "Baba Neema, tazama ukutani kidogo" inatosha.

1. Ipitishe tai nyuma ya shingo yake, mshono ukigusa shati. Upande mpana uwe mkono wako wa kulia, mwembamba kushoto. Vuta mpana ushuke mpaka ncha ya mwembamba isimame juu kidogo ya kitovu chake. Hapa mpana utakuwa umeshuka kuupita mwembamba kwa kama sentimita 30.

2. Pitisha mpana juu ya mwembamba kuelekea kushoto kwako. Zikutane karibu na kola, chini kidogo ya kifungo cha juu. Zikikutana chini sana fundo litakuwa refu na legevu. Shika makutano hayo kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, na mkono huo usiachie mpaka hatua ya tano.

3. Pitisha mpana nyuma ya mwembamba, upande wa shati, urudi kulia kwako.

4. Uvushe tena juu, mbele yako, kuelekea kushoto. Sasa unaona mkanda mmoja wa kitambaa umelala mbele ya fundo. Ulaze vizuri, usiwe na kunyanzi, kwa sababu huu ndio utakaoonekana na watu siku nzima.

5. Ingiza ncha ya mpana kutoka chini, nyuma ya fundo, ipande kupitia uwazi wa shingoni na itokee juu, kati ya fundo na kidevu chake. Hapa ndipo anapokunja uso kwa sababu vidole vyako viko kooni mwake. Fanya polepole, na mgongo wa vidole vyako utazame ngozi yake ili kucha zisimguse.

6. Shusha ncha hiyo ndani ya ule mkanda wa mbele, kati ya kitambaa cha nje na fundo lenyewe. Ipokee chini kwa mkono mwingine na uivute taratibu mpaka fundo lianze kujishika.

Usilikaze bado. Watu wengi wanakimbilia kuvuta hapa, na wanapoteza kila kitu walichokijenga.

Kumalizia

Mzunguko wa fundo hata mtoto wa darasa la sita ataukariri jioni moja. Kazi yote ya kupendeza iko kwenye dakika inayofuata, na wewe uliyesimama mbele yake unaiweza kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu unaliona fundo moja kwa moja.

Anza na kishimo kile cha katikati, chini kidogo ya fundo. Fundo likiwa bado limelegea, weka kidole cha shahada katikati ya upande mpana, mahali unapotokea chini ya fundo, na ubonyeze kidogo kuelekea shati. Kidole gumba na cha kati vibane kingo za tai kulia na kushoto, zije mbele. Utaona kitambaa kimejikunja kama mfereji mdogo. Bila kuachia, mkono mwingine uvute upande mpana kwenda chini, moja kwa moja, mpaka fundo liubane ule mfereji. Toa kidole chako taratibu. Kishimo kikibaki katikati, umepata. Kikienda pembeni, legeza kidogo na urudie, huna haja ya kufungua yote.

Kisha pandisha fundo. Mkono mmoja ushike upande mwembamba uliojificha nyuma na kuushikilia kwa utulivu. Mkono wa pili ulishike fundo lenyewe pande zote mbili na kulisukuma juu mpaka liguse kola na kukifunika kifungo. Nguvu iwe kwenye mkono unaosukuma fundo. Ukiuvuta mwembamba kwa nguvu, tai inakaza ghafla na mwenzako anakohoa. Likishafika, ingiza kidole kimoja kati ya kola na shingo, umwambie ameze mate. Akimeza bila shida, pako sawa.

Sasa shusha kola. Anzia nyuma ya shingo, uje mbele kwa mikono miwili kwa pamoja, ukihakikisha tai haichungulii chini ya kola pale nyuma. Kosa hilo mvaaji hawezi kuliona, na kila aliyekaa nyuma yake kanisani analiona ibada nzima. Msogeze ageuke, umkague nyuma kama unavyomkagua mbele.

Mwisho ni urefu. Asimame wima, mikono chini, asivute tumbo ndani. Ncha ya mpana iguse chuma cha mkanda, isipite chini yake wala isiishie juu ya shati. Mwenye kitambi apimwe kitambi chake kikiwa mahali pake pa kawaida, kwa sababu tai inapanda mlima kabla ya kushuka.

Ikiwa fupi au ndefu, fungua uanze tena, na usijaribu kuidanganya kwa kulishusha fundo. Hesabu ni nyepesi: tai ikiishia sentimita tatu juu ya mkanda, anza upya ukiwa umeuvuta mpana ushuke sentimita tatu zaidi. Ukipata kipimo sahihi, angalia ncha ya mwembamba ilianzia usawa wa kifungo cha ngapi cha shati, ukumbuke. Mara nyingine utaanzia hapo bila kubahatisha, mradi tai na shati ni za urefu uleule.

Chomeka mwembamba kwenye kile kitanzi cha nyuma. Ukiwa mfupi haufiki, uache. Ukiwa mrefu kuliko mpana, ulianza vibaya, rudia.

Fundo la pili, kwa kola pana na siku kubwa

Kola ambayo ncha zake zimetengana sana inaacha nafasi kubwa, na fundo dogo linaonekana limepotea pale. Hapo tumia nusu Windsor. Ni pembetatu iliyokaa sawa pande zote, na kwa bwana harusi mimi naipenda kuliko zote.

Anza kama mwanzo, mpana kulia kwako, ila uushushe zaidi kidogo, kwa sababu fundo hili linakula kitambaa. Vusha mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto. Upitishe nyuma urudi kulia. Sasa uinue mbele yako, uuingize uwazi wa shingoni kutoka juu, na uuvute utokee upande wa kushoto. Hapa tai itaonyesha mgongo wake, usishtuke. Vuta kiasi ili mzunguko huo ujibane. Kisha vusha mpana mbele ya fundo kutoka kushoto kwenda kulia, uulaze vizuri. Upandishe kutoka chini kupitia uwazi wa shingoni, halafu ushushe ndani ya mkanda wa mbele. Kishimo, kupandisha, kola na urefu ni vilevile.

Windsor kamili ina mzunguko mmoja zaidi shingoni, na mara nyingi inatoa fundo kubwa mno. Jina lake limetokana na Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti mwaka 1936 akapewa cheo cha Duke wa Windsor, lakini yeye mwenyewe alipata fundo nene kwa kushonesha tai zenye bitana nene, wala hakutumia mzunguko huu. Kwa mtu mwenye shingo fupi au uso mwembamba, ushauri wangu ni kuiacha.

Njia mbili nyingine, na zinafaa lini

Unaweza kujifungia wewe mwenyewe, ukalegeza, ukaivua na kumvisha. Inafaa mkiwa na haraka, au mwenzako anapovalia mahali pengine, lakini shingo yako na kimo chako si vyake, hivyo urefu utakosea karibu kila mara na fundo utakuwa umelikunja kabla hajalivaa.

Njia ya pili ni kusimama nyuma yake. Yeye anakaa kitini mbele ya kioo, wewe unapitisha mikono juu ya mabega yake na kufunga kama unayejifungia mwenyewe. Anayejua tayari kujifungia ataona mikono inakwenda yenyewe. Ni njia nzuri hasa kwa mgonjwa asiyeweza kusimama muda mrefu.

Na kwa mgonjwa, mambo machache ya ziada. Aliyepata kiharusi keti naye usawa mmoja, msaidie kuinua kidevu kwa kiganja, usimsukume, na mwambie unachofanya kabla ya kugusa shingo yake. Akiwa na shida ya kumeza au kupumua, acha kifungo cha juu wazi na lishushe fundo kidogo. Tai inaficha pengo hilo na heshima yake iko palepale. Kama hata hilo linamchosha, zipo tai zenye zipu ambazo fundo limeshashonwa, na si aibu kumvisha moja. Ila mwulize yeye anataka ipi. Mtu mzima anayevalishwa na mwenziwe bado ana haki ya kuchagua tai yake.

Kwenye harusi, ukijulikana unaweza, utaletewa wapambe wote. Wafunge wewe mwenyewe kwa fundo moja, ili kwenye picha mafundo yalingane. Waanze wapambe, bwana harusi awe wa mwisho, akiwa ameshakunywa chai na kupiga mswaki. Usizifunge usiku wa jana ukazitundika, kwa sababu kila shingo ina kipimo chake na asubuhi utazifungua zote.

Jioni, akirudi

Usiache avute mwembamba utoke kwa nguvu. Inafanya kazi, lakini kila mara inakunja bitana ya ndani mahali palepale, na tai inazeeka upesi. Legeza fundo, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua: toa mpana kwenye mkanda wa mbele, ushushe kutoka shingoni, uzungushe kinyume. Ikiwa na mikunjo, iviringishe kuanzia upande mwembamba, uiache usiku kucha, asubuhi uitundike. Tai za kufuma kama sweta ziviringishwe tu, zikitundikwa zinavutika.

Ukanda wa pwani una unyevu, na tai iliyolowa jasho ikifungiwa kabatini itapata ukungu. Iache nje kwenye hewa, mbali na jua, mpaka ikauke. Mikunjo iliyogoma itoe kwa mvuke: ishikilie juu ya birika linalofuka, mbali kidogo, au iweke bafuni wakati wa maji ya moto. Ukilazimika kutumia pasi, iwe ya joto dogo, na weka kitambaa safi cha pamba katikati.

Tone la mchuzi lenye mafuta usilisugue. Libonyeze na kitambaa kikavu, nyunyiza poda ya mtoto, iache mpaka asubuhi, kisha ipanguse. Tai ya hariri isiingie kwenye beseni la sabuni, kwa kuwa kitambaa na bitana havinywei sawasawa na itajisokota daima. Ikichafuka kweli mpelekee dobi mwenye mashine ya kusafisha bila maji, na umwambie mapema asiigandamize na pasi: kingo za tai zinatakiwa zibaki na umbo la mviringo laini, zikilazwa bapa hazirudi tena.